Mwenye Clare

Tarehe 25 Septemba 1355 uliandikwa wosia nchini Uingereza, kwa Kifaransa kilichotumiwa na makabaila wa huko zama zile. Mwenye wosia alikuwa ametimiza miaka 60 siku tisa zilizopita. Alikuwa mjukuu wa mfalme Edward I, amezika waume watatu, na ni mmoja wa matajiri wakubwa nchini mwake. Anajitaja hivi: Elizabeth de Burgh, *dame de Clare*.

Maneno sita.

Yamenikaa kichwani wiki kadhaa. De Burgh ni jina la mume wa kwanza, aliyekufa mwaka 1313, yaani miaka 42 kabla ya wosia. Clare ni jina la ukoo wa baba yake. Katikati lipo neno *dame*, ambalo kila nikilitia katika Kiswahili linaniponyoka. Na kilichonisumbua zaidi ni neno lisilokuwepo: *contesse*, kauntesi. Baba yake alikuwa erli wa Gloucester na Hertford. Kaka yake alikuwa erli. Mwanawe alikuwa erli. Kwa nini mwanamke wa namna hii afe bila cheo hicho?

## Ukauntesi ulivyompita

Kauntesi ni mke au mjane wa erli, na huko Uingereza ya wakati ule erli ndiye aliyekuwa juu ya wote chini ya mfalme. Elizabeth aliolewa tarehe 30 Septemba 1308 na John de Burgh, mrithi wa Richard de Burgh, erli wa Ulster huko Ireland. Hesabu ilikuwa nyepesi: mzee afe, John ashike, Elizabeth awe kauntesi.

John akatangulia. Alifariki mwaka 1313, na baba yake akaishi hadi 1326. Uerli ukaruka kizazi ukamwangukia William, mtoto wa Elizabeth aliyezaliwa Septemba 1312. Mama wa erli si kauntesi.

Njia ya pili ilikuwa kwa baba yake. Kaka yake wa pekee, Gilbert, aliuawa katika vita vya Bannockburn, huko Scotland, tarehe 24 Juni 1314 bila kuacha mtoto. Hapa msomaji wa pwani inabidi aweke kando mirathi anayoijua. Kwetu binti ana fungu lake hata akiwa na kaka, na mjane mwenye watoto huondoka na thumuni. Kwa Waingereza wale, akiwepo mtoto wa kiume mkubwa alichukua ardhi yote, na dada zake hawakupata kitu ila walichopewa kwa kuozwa. Asipokuwepo mwanamume, mabinti waligawana sawa kwa sawa. Mjane wa marehemu alishika theluthi ya ardhi maisha yake yote, kisha ikarudi kwa warithi.

Lakini ardhi hugawanyika, uerli haugawanyiki. Dada walikuwa watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Kila mmoja alipata theluthi ya miliki, na cheo cha Gloucester kikabaki hewani hadi mwaka 1337, Edward III alipompa Hugh Audley, mume wa Margaret. Kwa hiyo Elizabeth alirithi mali yenye kuingiza zaidi ya pauni 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho maerli kadhaa hawakukifikia, na hakurithi hata herufi moja ya cheo.

## Mimba ya miaka miwili

Ardhi yenyewe haikugawanywa upesi. Maud, mjane wa Gilbert, alidai ana mimba. Mtoto akizaliwa hai, dada wote watatu hawana chao. Basi ikasubiriwa. Miezi tisa ikapita, mwaka ukapita, wa pili nao ukapita, na bado hoja ya mimba ilikuwa ikitajwa rasmi kuzuia mgawo. Ardhi iligawanywa mwishoni mwa 1317, zaidi ya miaka mitatu tangu Bannockburn. Maud alipofariki mwaka 1320, theluthi yake nayo ikagawanywa.

Mtu anaweza kucheka. Lakini mafakihi wa Kishafi waliweka ukomo wa mimba katika miaka minne, kwa hiyo tuwe waangalifu kucheka. Nionavyo, tumbo la Maud lilimfaa sana mfalme Edward II. Muda ule wote ardhi ilikuwa mikononi mwa mfalme na mapato yake yakiingia kwake, na kabla ya mgawo Margaret na Elizabeth, wote wajane, walikuwa wameshaozwa kwa vipenzi wake wawili: Hugh Audley na Roger Damory. Eleanor alikuwa tayari mke wa Hugh Despenser kijana, ambaye muda si mrefu angewazidi wote wawili kwa mapenzi ya mfalme.

Katikati ya kungoja huko Elizabeth alipata mume wa pili kwa njia ambayo hadi leo hainipi raha. Tarehe 4 Februari 1316 Theobald de Verdun alimchukua kutoka ngome ya Bristol, mahali alipowekwa na mfalme. Alipoulizwa, Theobald alijibu kwamba walikuwa wameposana tangu Ireland, na kwamba Elizabeth mwenyewe alitoka nje ya ngome kumlaki. Inawezekana. Ila hayo ni maneno ya Theobald, mtu aliyekuwa akijitetea mbele ya mfalme kwa kuoa mrithi bila ruhusa. La Elizabeth halikuandikwa. Anayeandika kwamba alitekwa anajaza pengo, na anayeandika kwamba alitoroka na mpenzi wake anajaza pengo lilelile.

Theobald alifariki tarehe 27 Julai mwaka huohuo.

## Kashfa iliyozaliwa na kalenda

Binti wa Theobald, Isabella, alizaliwa tarehe 21 Machi 1317. Hapa watafiti wapya huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Karani wa Kiingereza wa zama zile aliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Kwake, 21 Machi ilikuwa bado 1316. Ukikutana na tarehe hiyo ukaichukua ilivyo, huku tarehe ya ndoa umeitoa katika kitabu cha leo kinachosema Februari 1316, utapata mtoto aliyezaliwa wiki saba baada ya mama kutoka Bristol. Umejitengenezea kashfa. Tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi, jiulize kwanza nani aliyehesabu mwaka.

Mtego wa pili ni miaka ya utawala. Hati nyingi hazisemi 1325, husema "mwaka wa 19 wa mfalme Edward mwana wa mfalme Edward". Edward II alianza kuhesabiwa tarehe 8 Julai 1307, basi mwaka wake wa 19 unaanzia 8 Julai 1325 na kuishia 7 Julai 1326. Ukijumlisha 1307 na 19 utapata 1326: ni sahihi kwa hati ya Mei, ni kosa kwa hati ya Oktoba. Edward III anahesabiwa kuanzia 25 Januari 1327. Na hesabu za nyumba ya Elizabeth zina mwaka wao tena, unaoanza sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba. Mimi huandika tarehe kwa safu tatu: ilivyo kwenye hati, mwaka wa utawala, na tarehe ya leo. Bila safu ya kwanza huwezi kurudi kusahihisha.

Fedha nazo zina lake. Pauni 1 ni shilingi 20, shilingi ni peni 12. Lakini makarani walipenda kuhesabu kwa marki, na marki ni shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni. Marki 200 ni pauni 133 na kitu. Ukisoma marki kama pauni umemwongezea mtu utajiri kwa nusu nzima.

## Akina Elizabeth

Kabla ya kuuliza cheo, hakikisha unamfuata mtu mmoja. Elizabeth de Burgh wako watatu wa kuchanganya, na wamekaribiana mno.

Wa kwanza ni mke wa Robert Bruce, mfalme wa Scotland. Alikuwa dada wa John de Burgh, hivyo wifi wa Elizabeth wetu. Waingereza walimkamata mwaka 1306. Wa pili ndiye huyu wa wosia. Wa tatu ni mjukuu wa huyu wa pili, binti wa William, aliyezaliwa 1332. Baba yake aliuawa mwaka uliofuata, na yeye akawa kauntesi wa Ulster kwa haki yake mwenyewe. Chaucer, yule mshairi, anaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi akiwa kijana mtumishi kwenye hesabu za nyumba ya mwaka 1357. Ni nyumba ya mjukuu, wala si ya bibi, ingawa utakuta watu wamembandika bibi.

Na vita vilevile vya Bannockburn viliwageuzia maisha wawili wa kwanza. Wifi aliachiwa kwa kubadilishana mateka baada ya vita. Huyu wetu alimpoteza kaka, akawa mrithi.

Namna ya kuwatenganisha ni kutolitegemea jina. Shika ardhi iliyotajwa, mume au mtoto aliyetajwa, na mwaka. Viwili kati ya vitatu visipolingana, weka hati pembeni. Jina lenyewe litafute kwa sura zake zote: Burgh, Burgo, Bourg, Burk. Na kati ya 1317 na 1322 hutalipata kabisa, kwa sababu mwanamke mwenye mume aliingia kwenye hati chini ya mumewe: "Roger Damory na Elizabeth mkewe". Inakubidi umtafute Roger.

## Muhuri wake, si ridhaa yake

Roger Damory, mume wa tatu wa Elizabeth, aliasi pamoja na makabaila waliompinga Despenser, akafa Machi 1322. Elizabeth alikamatwa Usk, Wales, akafungiwa katika nyumba ya watawa ya Barking. Kisha kukaja hati. Katika hati hizo, Elizabeth, kwa muhuri wake mwenyewe, anamwachia Despenser Usk na kupokea Gower, nayo ya Wales. Despenser ni shemeji yake, mume wa Eleanor. Gower ilikuwa na thamani ndogo zaidi, na baadaye hata hiyo akanyang'anywa kwa njia ya kesi.

Ukisoma hati hizo peke yake utaandika: "Elizabeth alibadilishana ardhi na shemeji yake." Kila kitu kiko sawa. Mashahidi wapo, muhuri upo.

Ila kuna hati nyingine. Mei 1326, Elizabeth alikaa na washauri wake wachache na mthibitishaji wa hati, akaandikisha kwa siri malalamiko yake. Anaeleza kwamba Usk aliitoa kwa kuogopa. Kwamba Krismasi ya 1322 mfalme alimwita York, akatenganishwa na washauri wake, akatakiwa kutia muhuri hati nyingine ya kujifunga. Kwamba alikataa, akaondoka, akarudishwa, akaambiwa hatashika ardhi yoyote kwa mfalme asipokubali. Akatia muhuri.

Ni Mei 1326. Edward II bado yuko kwenye kiti, Despenser bado ndiye anayeamua nani ale nani alale njaa. Malkia Isabella, mke wa mfalme aliyemgeuka, hakutua na jeshi lake hadi Septemba. Karatasi ile ingeonekana, Elizabeth angeangamia. Aliiandikisha ili siku mahakama itakapokuwa mahakama, awe na kitu mkononi. Mwisho wa mwaka ule Despenser alinyongwa, na Elizabeth akaipata tena Usk.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mwenye wosia. Mtu huyu alijua hati ni nini. Basi namna alivyojiita katika hati haikuwa mazoea ya karani.

## Bibi, mwana, au mwenye

*Dame* kwa Kilatini cha makarani ni *domina*, jike la *dominus*. Tafsiri inayokuja haraka ni "Bibi wa Clare". Haifai. Kwetu bibi ni nyanya, au mke, au namna ya kuita kwa heshima. "Bibi wa Clare" anasikika kama mke wa bwana aitwaye Clare. "Malkia" ni uongo. "Mwana", kama walivyoitwa mabibi watukufu wa Lamu na Pate, linaonyesha nasaba, na nasaba si hoja hapa, maana dada zake wawili walikuwa na nasaba ileile na hakuna kati yao aliyekuwa *dame de Clare*.

Tofauti yake na dada zake ni fungu. Katika mgawo, Clare ya Suffolk, ngome na mamlaka yote ya kimwinyi yaliyoizunguka, ilikuja kuwa yake. *Domina de Clare* ni aliye na Clare, na Kiswahili kina neno lake tangu zamani: mwenye. Halina jike wala dume. Mwinyi ni ndugu yake, ingawa pwani limezoeleka kwa wanaume, na Tanzania "umwinyi" umeshageuzwa tusi la mtu asiyetaka kufanya kazi. Elizabeth hakuwa mwinyi wa namna hiyo. Hesabu za nyumba yake zinaandika mkate, mvinyo, bia, jiko na banda la farasi siku kwa siku.

Basi Elizabeth de Burgh, mwenye Clare. Cheo ni cha ardhi. Jina je?

Alikuwa na majina manne ya kuchagua. Kwa desturi ya mwambao angebaki binti Gilbert (baba yake naye aliitwa Gilbert, kama kaka), na miti ya ukoo ya mtandaoni inamfanyia hivyo bila kumuuliza: "Elizabeth de Clare, Lady wa 11 wa Clare". Namba hiyo 11 ni ya wapenzi wa nasaba wa baadaye. Ukiiona, jua unayemsoma hakushika hati. Damory lilikuwa jina la mtu aliyepandishwa na mfalme akafa mwasi. Verdun lilikuwa la ndoa ya miezi sita. De Burgh ndilo lililokuwa na mtoto wa kiume, erli wa Ulster, na haki za mjane huko Ireland. Mjane wa zama zile alibaki na jina la mume mwenye hadhi kubwa zaidi, na hapa hadhi na hesabu ya mali vilikutana.

Ushahidi mwingine unaonekana hadi leo Cambridge. Elizabeth alikichukua chuo kilichokuwa kimeishiwa, akakipa mali kuanzia 1338, na mwaka 1359 akakipa kanuni zake. Ndicho Clare College. Ngao yake ina pande mbili: mistari mitatu myekundu ya Clare yenye umbo la V iliyopinduliwa, na msalaba mwekundu wa de Burgh. Pembeni kuna ukanda mweusi wenye matone ya dhahabu, ambayo husimuliwa kuwa machozi ya ujane. Waume watatu, ngao ya mmoja.

## Karatasi hufuata ardhi

Kwa anayetaka kumfuata mwanamke mwingine wa aina hii, anzia mwisho. Kabaila mwenye ardhi kwa mfalme alipokufa, ofisa alikusanya watu wa mahali wakaapa na kutaja ardhi zake, thamani yake, mrithi ni nani na ana miaka mingapi. Umri huo usiuamini: "miaka 30 na zaidi" maana yake ni mtu mzima tu. Ardhi na mrithi ndivyo vya kushika. Kumbukumbu za viapo hivyo ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika mafungu C 134 kwa Edward II na C 135 kwa Edward III.

Kisha nenda kwenye mihtasari iliyochapwa ya magombo ya kansela, yaani ofisi iliyoandika hati za mfalme. Ni msaada mkubwa kwa kutafuta, ila kwa suala la cheo ni hatari. Waliofupisha walisawazisha tahajia na kupunguza maneno waliyoyaona ya ziada, na *domina de Clare* ni aina ya maneno yanayopunguzwa. Ukishapata hati unayoitaka, omba picha ya ngozi yenyewe iliyoandikiwa. Tazama kama kuna *domina*, *comitissa* (kauntesi), *uxor* (mke), au *que fuit uxor*, yaani "aliyekuwa mke wa". Mara nyingi utaona *dna* yenye kistari juu: ni *domina* iliyofupishwa.

Na usitafute karatasi kwa jina la ukoo. Clare ilipita kwa mjukuu Elizabeth, ikaenda kwa binti yake Philippa aliyeolewa na Mortimer, ikafika kwa ukoo wa York, na mwaka 1461 Edward IV alipotwaa ufalme ikaingia kwa mfalme. Ndiyo maana hesabu za mkate na bia za mjane aliyekufa tarehe 4 Novemba 1360 ziko leo kati ya karatasi za hazina ya mfalme, fungu E 101, na si katika kabati la mtu aitwaye Clare au Burke.

Yule mjukuu alikuwa ameozwa mwaka 1342, akiwa na miaka 10, kwa Lionel, mwana wa Edward III. Miaka miwili baada ya kifo cha bibi, Lionel alifanywa duki, cheo kilicho juu ya erli. Cheo chake kilichukuliwa kwenye Clare, kikanyooshwa kwa Kilatini, *Clarentia*: duki wa Clarence.